Mikono ya Muosha

Lea mke wa Manase alizaliwa Mlalo, kwenye milima ya Usambara, katika nyumba ya Walutheri waliosali kabla ya kula na kukagua komeo kabla ya kulala. Alipoolewa, wakashuka yeye na mumewe mpaka upande wa Mwera. Manase akaingia shamba la mkonge kukata, Lea akalima kibustani nyuma ya kambi. Huko ndiko alikojifunza kutazama mikono ya watu. Aliitazama mikono ya nyapara, iliyokagua matita ya mkonge na kila siku ikayaona pungufu. Aliitazama mikono ya mwenye duka, ambayo kidole chake kidogo kilipenda kupumzika juu ya mizani. Akaitazama na mikono ya dresa, mtoa dawa wa shamba, iliyobonyeza miguu ya Manase ilipoanza kuvimba, na dresa mwenyewe akacheka akasema kwamba huo ni uvivu ulioingia maji. Mtu aliyelishwa dharau miaka mingi, hata wema huunusa kwanza kabla ya kuutia kinywani.

Shamba lilipokubali kwamba Manase ni mgonjwa, tumbo lake lilikuwa limejaa kama mtungi na uso umefura hata macho hayafunguki vizuri. Wakapakiwa juu ya lori la singa za mkonge, wakaletwa Tanga mjini. Hospitalini daktari Mzungu alimpima, akaeleza kwa kinywa cha nesi mmoja Mwafrika aliyeitwa Praxeda: figo zimechoka kuchuja, maji yanayotakiwa kutoka yanabaki mwilini. Chumvi asionje. Maji anywe kwa kubaniwa. Na mara kwa mara itabidi alazwe chali, achomwe sindano nene tumboni, maji yatoke taratibu kwa mpira mpaka kwenye ndoo.

Sindano Manase aliivumilia. Kilichomshinda ni miguu. Maji yalipoanza kushuka, misuli ya mashavu ya miguu ilijikaza ikawa migumu kama mawe, vidole vikajipinda, na kabla mtu hajamshika alirusha mguu, sindano ikapinda, damu ikatoka. Daktari akaichomoa.

"Anasema hawezi kuendelea hivi," Praxeda alimwambia Lea. "Akitikisika tena, sindano itatoboa utumbo. Mlete siku ya kliniki. Akiweza kutulia, ataendelea. Asipoweza, basi."

"Basi nini?"

Praxeda alitazama ndoo. "Basi, dada."

"Mwambie ampe dawa ya kumlegeza."

Nesi akauliza, akajibiwa, akarudi. "Dawa ipo. Lakini figo zake haziwezi kuitoa. Itabaki humo humo ndani imdhuru."

Lea hakuamini. Alikuwa ameliona jengo la upande wa pili, lenye nyavu madirishani na panka darini, walikolazwa Wazungu, na moyoni alijua kwamba dawa yenyewe iko kule. Huenda juu ya dawa alikosea. Juu ya panka hakukosea.

Walipanga chumba cha uani Ngamiani, kwa mjane mmoja muuza vitumbua aliyeitwa Sabiha. Manase hakuweza kulala chali tena. Maji yalimpanda yakambana pumzi, akawa anasinzia ameegemea ukuta kama mtu anayesubiri lori. Kila alipopitiwa na usingizi, mguu ulimkaza, akashtuka. Basi akaanza kuuogopa usingizi wenyewe, na kuogopa kule kukazidi kumkaza. Lea alijua hesabu iliyokuwa mbele yao, haikuhitaji daktari: maji yasipotolewa, mumewe atazama kwenye nchi kavu.

"Shoga," Sabiha alimwambia asubuhi moja huku akigeuza vitumbua, "mbona unamwacha mwenzio ateseke? Mwite mzee Uweso amkande. Mahamali wote wa bandarini ndiye anayewakanda."

"Ana dawa gani?"

"Dawa? Ana mikono."

Jibu hilo halikumpendeza Lea hata kidogo. Lakini mtu anayezama hachagui gogo, na alasiri ile mzee Uweso akaja. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, kanzu yake imefuliwa hata imepoteza rangi, mikono yake myeupe viganjani kama ya mtu anayeshinda majini. Chini ya kwapa alibeba taulo, na mkononi kifurushi cha majani.

"Shikamoo babu," Lea alisema, macho kwenye kifurushi.

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji ya moto, beseni, na unipishe kidogo mlangoni, unanizibia mwanga."

Lea alimpa maji. Mlangoni hakutoka ila alisogea tu, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mahali ambapo mkono wa mzee usingeweza kuingia mfukoni bila yeye kuuona.

Akaona yote. Mzee alitia majani katika maji, akachovya taulo, akalikamua, akalijaribu kwanza juu ya mkono wake mwenyewe, ndipo akalizungusha kwenye shavu la mguu. Hakukanda. Alingoja mpaka joto likolee. Halafu akapandisha viganja kutoka kisiginoni kwenda gotini, kwa upole, kwa sababu ngozi ilikuwa imevimba na kubonyea. Na mguu ulipokaza ghafla, Manase akauma meno, yule mzee hakushindana na lile fundo. Aliliacha. Alishika kisigino kwa mkono mmoja, wa pili akaulaza kwenye unyayo, akasukuma vidole kuelekea gotini, polepole, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua, anayejua kwamba akiulazimisha utavunjika.

"Puliza," alisema. "Puliza kama uji wa moto. Kwenu hamnywi uji?"

"Tunakunywa," Manase alijibu kwa shida.

"Wa nini?"

"Mahindi."

"Nani alikuwa anakupikia? Mama yako? Anaitwa nani mama yako?"

"Elizabeti."

"Elizabeti. Uji wake mzito au mwepesi?"

Manase akapuliza, akafikiri, akasema ulikuwa mzito, na alikuwa akiwapiga na mwiko wakiuchezea. Akacheka kidogo. Mguu ukawa umeachia bila yeye kujua umeachia saa ngapi.

Lakini pale juu ya kinu mwili wa Lea ulimsisimka. Nani asiyejua kwamba mtu anayetaka kumfunga mwenzake kwa uchawi huuliza kwanza jina la mama? Bila jina la mama, kombora halijui pa kwenda. Na huyu amelitoa kinywani mwa Manase kwa ujanja wa uji.

Usiku ule Manase alilala, ameegemea ukuta, mpaka asubuhi. Hilo nalo Lea alilitilia shaka. Alimwekea mkono puani kuhakikisha.

Mzee Uweso akaja tena kesho yake, na kesho kutwa. Manase alianza kumngoja. Lea naye alimngoja, kwa namna yake: alitaka kumkamata. Alimtazama anavyokamua taulo, anavyoweka magoti, dole gumba linapoanzia na linapoishia. Aligundua kwamba haendi kasi hata siku moja, na kwamba huuliza maswali pale tu mguu unapotaka kukaza. Alisubiri kosa. Kosa halikuja, na kutokuja kwake kulimtisha zaidi, maana mwizi hodari ndiye asiyeonekana.

Siku moja kabla ya kliniki, Lea alikuwa uani akimsaidia Sabiha kutwanga mchele, mzee Uweso ameshaingia chumbani, na mabaki ya majani yake yako juu ya kizingiti.

"Haya majani ni ya nini?" aliuliza.

"Mkunazi," alisema Sabiha. "Kwetu maiti haoshwi bila hayo."

Mchi wa Lea ukasimama hewani. "Maiti?"

"Si mzee Uweso ndiye muosha wetu? Hata marehemu mume wangu, yeye ndiye aliyemuosha. Mikono laini vile. Alimnyoosha akawa kama amelala." Sabiha alisema hayo kwa kujivunia, kama mtu anayemsifu fundi cherehani, kwa kuwa Ngamiani muosha ni mtu wa kuaminiwa kuliko wote: ndiye anayeziona aibu za miili na hazisemi. Tena kwa majani ya mkunazi huogeshwa wazima pia, wenye homa na waliopatwa na kijicho. Hayo hayakuhitaji kuelezwa kwa mtu aliyezaliwa pale. Lea hakuzaliwa pale.

Aliingia chumbani. Mzee amepiga magoti, taulo limekwisha zungushwa. Lea akalivuta, akalitupa, akalinyanyua beseni akamwaga maji uani, majani yakatapakaa mpaka kwenye jiko la Sabiha.

"Mume wangu hajafa," alisema.

Mzee Uweso alimtazama, kisha akatazama majani, akaelewa. "Hajafa," alisema. "Mimi nawaosha waliokwisha kufa, mwanangu. Kuua sijapata kumuua hata mmoja."

"Toka."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaliokota taulo lake, akalikamua, akaondoka bila kuaga.

"Mama Kristina," alisema Manase, maana binti yao wa kwanza ndiye Kristina, "yule mzee alinipa usingizi."

"Atakupa mrefu."

"Na kesho?"

Lea akatoka kuyafagia majani uani.

Kesho ikafika hata hivyo. Manase akalazwa chali na mito miwili mgongoni, sindano ikaingia, maji yakaanza kudondoka kwenye ndoo. Lea alisimama miguuni kwa kitanda, kwa kuwa alikataa kusimama penginepo. Daktari alikuwa na kidole juu ya mpira. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kuua. Lakini Lea aliisoma hofu ile kama hila, akadhani anatafuta sababu ya kuchomoa.

Sababu haikuchelewa. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kilijipinda. Lea alikiona kabla ya Manase mwenyewe hajakihisi, kwa sababu zile alasiri zote pale juu ya kinu alikuwa amekitazama kidole kile kikianza vivyo hivyo. Fundo likapanda. Daktari akanyoosha mkono kwenye sindano.

"Ngoja," alisema Lea.

Alishika kisigino. Mkono wa pili akaulaza kwenye unyayo.

"Dada, unafanya nini?" Praxeda alimfokea kwa sauti ya chini. "Huruhusiwi. Nani amekufundisha hayo?"

Jibu lenyewe lilikuwa la aibu. Hakufundishwa na mtu. Alimtazama mtu kama anavyotazamwa mwizi, na kumbe macho ya mwenye shaka hayapotezi kitu: yalikuwa yamebeba kila kitu, uzito wa kiganja, mwendo, hata pale pa kungojea. Akasukuma vidole kuelekea gotini, polepole. Fundo halikuachia.

"Puliza," alisema. "Kama uji."

Manase akapuliza, lakini macho yalikuwa yamemtoka, kifua kinaruka.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Wewe si unamjua?"

"Nijibu."

"Elizabeti."

"Uji wake ukoje?"

"Lea, uji wake unaujua, ulikuwa unausema vibaya," alisema Manase, na pumzi ikamtoka ndefu, nusu kicheko nusu kilio. Hapo ndipo Lea alipoelewa kwamba jina lile halikuwa kamba ya kumfungia mtu. Lilikuwa la kumpa mahali pa kukaa wakati mwili wake haukaliki.

Msuli ulilegea chini ya kiganja chake kama samaki anayekata tamaa. Aliuhisi, na hakuondoa mkono.

"Nipatie kitambaa na maji ya moto," alimwambia Praxeda.

Nesi akamtazama daktari. Daktari aliyatazama maji yanayodondoka, akatazama mguu uliotulia, akaondoa mkono kwenye sindano. Praxeda akaenda kuleta maji. Alirudi nayo, akasimama karibu, akiwa na wasiwasi bado, akitazama kila Lea alichofanya. Ndoo ilijaa, ikabadilishwa. Miguu ilijaribu tena na tena, na kila mara ilikutana na mikono ile. Sindano ilipotoka, Manase alilala chali kabisa, bila mto, akatazama dari kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Jioni ile Lea alikwenda kwa mzee Uweso. Alimkuta barazani anashona taulo lililochanika. Hakumkaribisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kunitoa na hapa?"

"Ametulia. Maji yametoka."

"Nimesikia. Mji huu hauna siri." Akavuta uzi. "Sasa umekwisha pata kazi yangu, unataka nini tena? Taulo?"

"Miguu naiweza. Mapaja yamenishinda, sijui pa kuanzia. Kliniki itarudi."

Mzee akampima yeye sasa kwa jicho lile lile alilopimwa nalo. "Nikija, utamwaga maji?"

"Ukija na majani, nitayamwaga."

"Majani hayana kazi pale," alisema mzee Uweso. "Kazi ni ya joto na mikono. Lakini nikija na maji matupu, watu husema, 'Hata mimi nina maji matupu nyumbani, huyu wa nini?'" Akaliweka taulo begani. "Basi, nitakuja na matupu."

Akaja kabla ya magharibi. Lea aliketi juu ya kinu, akainama mbele.

"Unanitazama tena," alisema mzee bila kugeuka.

"Nakutazama."

"Basi sogea huku. Hapo ulipo, paja hulioni."

Lea akasogeza kinu.