Steringi Niliyemuua Kizota

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuua steringi. Nilimuua kwa mdomo tu, lakini watu walikuwa wamelipa kiingilio kumwona shujaa huyo wa filamu, na kwenye kibanda cha video sheria ilikuwa moja: steringi hafi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kibanda kimoja cha Kizota, jirani na magereji, kikanichukua niwe mkalimani, yaani nikae kando ya televisheni na kipaza sauti, niwaeleze watu kwa Kiswahili kinachosemwa ndani. Meneja akaniuliza kama lugha naiweza. Nikasema naiweza, nikidhani ni Kiingereza. Kanda ikaingia kwenye deki, wakaanza kuongea Kichina.

Nikatunga. Steringi alipopigwa akatumbukia mtoni, nikatangaza kwa huzuni, "Ndugu watazamaji, amefariki." Baadaye kidogo mama yake akaonekana anatenga mabakuli mawili ya chakula, na jamaa huyoo, anateremka mlimani mzima kabisa.

"We mkalimani," akasema fundi mmoja, mikono yote oili, "huyu si marehemu?"

"Huyu pacha wake. Unafikiri mabakuli mawili ni ya nani?"

Watu wakarudisha macho kwenye televisheni. Meneja akanisogelea sikioni. "Kesho ukimsahau huyo pacha, kazi huna."

Ningemsahauje? Watu walirudi kwa ajili yake mpaka kanda ikachuja.

Kisha nikahamishiwa tawi letu la Mpwapwa, lililokuwa na nakala nyingine ya filamu ile. Msimamizi wa huko alikuwa mtu wa ngumi. "Punguza maneno, kijana. Watu wanataka mateke." Nikapunguza, na wanafunzi wa chuo cha mifugo cha pale wakaanza kutoka katikati ya mateke kwenda kunywa chai. Nikamrudisha pacha. Mchana mmoja umeme ukakatika pacha akiwa juu ya ukuta wa adui. Nikaendelea kusimulia gizani, bila picha wala kipaza sauti, na hakuna aliyeinuka. Msimamizi akawasha kiberiti, akanimulika usoni.

"Sasa alishuka au hakushuka?"

Tangu hapo nikaamini kwamba filamu kubwa ni hadithi. Mateke ni kachumbari tu, pilau ni hadithi. Na hadithi bora kuliko zote, nilijiambia bila aibu, ilikuwa ya pacha wangu.

Ninyi wa simu ndio mlionistaafisha. Sasa nipo Ipagala, na safari yangu ndefu ni kutoka kwenye kochi hadi jikoni. Jirani yangu Mama Neema enzi zile aliuza karanga nje ya kibanda cha Kizota. Filamu ile hakuiona hata mara moja. Aliisikia kupitia mabati, na bado anaijua yote. Juzi nikaipata, ina maandishi ya Kiswahili chini. Nikamwita aje hatimaye amwone pacha.

Hakukuwa na pacha. Steringi alijifanya amekufa ili amjue aliyemsaliti, na mama yake alikuwa na habari. Mchana alilia msibani pamoja na majirani. Jioni alifunga mlango, akatenga mabakuli mawili.

Mama Neema akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mimi nikajifanya natafuta rimoti.

"Haya, jirani," nikamwuliza, "ipi nzuri, yao au yangu?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Kumbe filamu yenyewe ilikuwa nzuri hivi. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaiharibu."