Pini Mdomoni

Mkasi ulikuwa mkononi tangu saa tatu asubuhi, na kitambaa bado hakijaguswa. Mama Pini, fundi cherehani asiyeandika kipimo cha mtu maana kichwa kinamtosha, alikuwa akiizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Dada, kata basi!" mdogo wake alimpigia kelele kutoka kwenye cherehani ya pili. "Bibi harusi anakuja kujaribu saa kumi."

"Nikate nini? Yadi nne tu hizi. Mikono ikiwa mirefu, sketi inabana. Ikiwa mifupi, sketi inamwagika. Vyote viwili havipatikani."

"Kwani hukuambiwa?"

"Niliambiwa mikono mifupi. Maneno nayasikia mpaka sasa. Aliyesema ndiye simwoni."

"Makubwa! Maneno yasiyo na mwenyewe. Mpigie bibi harusi."

"Simu yake imezimwa. Umeuliza mara tatu, nimekujibu mara tatu."

Kitambaa kiliachwa na marehemu mama yake bibi harusi, na madukani hakipo tena. Ukikosea umekosea. Mama Pini akakaa, akainuka, akafagia palipokwisha kufagiwa. Akashika mkasi, akauweka.

Ili mikono isikae bure, akavuta sketi ya mteja mwingine abane upindo, akatia pini mdomoni kama kawaida yake. Akaganda.

Siku ile alipoambiwa mikono mifupi pia alikuwa na pini mdomoni! Alitaka kujibu akashindwa, akaishia "mmh". Na bibi harusi hajawahi kubanwa pini humu ndani. Alipimwa kwa futi tu. Aliyebanwa ni wifi yake, alipokuja kujaribu gauni lake mwenyewe. Ndiye aliyesema, "La bibi harusi liwe la mikono mifupi, sketi imwagike," ulimi ukimkimbia kama bomba lililopasuka.

Bibi harusi mwenyewe je? Alipopimwa mkono alijikunja. Ana kovu la moto kuanzia kiwiko. Alisema polepole, "Inifike hapa," akagusa kifundo cha mkono.

"Wifi huyo!" Mama Pini akatema pini kiganjani. "Kajipa harusi isiyo yake." Mkasi ukalia.

Saa kumi bibi harusi akavaa gauni lililoshikizwa harakaharaka, akaivuta mikono mpaka kwenye vifundo, akashusha pumzi.

"Nilidhani utasahau, fundi."

"Mimi? Nisahau?"

Kwenye cherehani ya pili, mtu akakohoa.