Mkono Nisioutazama Tena

Siku ya kwanza ya kazi nilianguka baiskeli mara nyingi kuliko nilivyochanja watu. Bwana Afya, mkubwa wetu wa wilaya, alitukusanya uwanjani pale Mkokotoni, akatupa baiskeli za kike zisizo na bomba la juu, akasema kazi hii wanaume imewashinda. Haikuwashinda kwa uvivu. Mwanamke wa shamba hamtolei mwanamume mkono wazi, wala mwanamume hapiti ukumbini kwenda kumtafuta ndani. Ndiyo tukaajiriwa sisi, tuliotoka chuo cha Kurani na madarasa mawili matatu ya skuli. Watu wa sokoni walitucheka. Mmoja aliuliza kama waume zetu wamekufa. Nilijifunga kanga kibwebwe juu ya yunifomu nikapanda tena, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nnakwenda.

Tulikuwa tukichanja ndui. Nyinyi wa leo hamuijui, na kutoijua kwenu ni kazi ya mikono yetu, sisemi kwa kujisifu, nasema kwa kuwa ni kweli. Dawa tuliibeba katika chupa ya chai iliyojaa barafu. Sindano ilikuwa na ncha mbili, mfano wa uma mdogo. Unachovya, unadonoadonoa ngozi ya juu ya mkono mpaka damu ichungulie, basi. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Wiki ikipita unarudi kuutazama mkono. Ukikuta kipele chenye maji, tunasema imeshika, mtu huyo ndui haimpati. Ukikuta ngozi kavu, haikushika, unachanja upya. Bwana Afya alitukazia macho siku ile.

"Chanjo usiyorudi kuitazama," alisema, "hukuchanja. Umemchoma mtu bure."

Neno hilo nililishika kazi yangu yote.

Mimi na Bi Mize, aliyenitangulia kazini, tulikuwa tukitoka Mkokotoni kwa baiskeli, kijiji kwa kijiji, mpaka Bububu, tukaingia mjini, kisha Chukwani na kusini kote hadi Makunduchi. Safari ya wiki nyingi. Mjini tulipewa siku moja ya kupumzika. Bi Mize aliilala yote. Nikimwambia twende tukatembee, hujibu kwamba serikali imemwajiri mikono, miguu ni yake mwenyewe. Mimi sikulala. Mjini nilikuwa na ndugu.

Mama yangu alikuwa mpishi katika nyumba moja Kiponda. Mke wa tajiri, Mwarabu wa asili ya Maskati, alijifungua mtoto wa kike, maziwa hayakutoka, na mama alikuwa ananinyonyesha mimi. Akamchukua na yule. Basi Nasra ni ndugu yangu wa ziwa moja, na kwetu huo ni undugu kamili, hata ningekuwa mwanamume, kumuoa ingekuwa haramu. Tulikua pamoja mpaka mama aliporudi kwao Mkokotoni. Yalipokuja Mapinduzi, baba yake Nasra alipoteza duka na vyumba vyote isipokuwa kimoja, naye hakukaa sana akafa.

Safari ninayoieleza ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, mwezi wa Shaaban, Ramadhani iko mlangoni. Nilitoka asubuhi na baiskeli yangu, chupa ya dawa ikining'inia kwenye usukani. Chupa siiachi hata siku ya mapumziko. Darajani palikuwa na foleni ya mchele, na mama mmoja aliniomba chai. Nikamwambia chai hii ukiinywa utaota vipele. Foleni nzima ikacheka, na kicheko siku zile kilikuwa adimu kama mchele wenyewe.

Nilizunguka nitakavyo. Vichochoroni nilishuka nikaisukuma, maana ni vyembamba, kengele nikipiga kila kona. Nyumba ambazo utotoni nilipita nimeinamisha kichwa sasa zilikuwa na mbuzi ukumbini. Nyengine milango yake ilipigiliwa misumari. Barazani, pale wazee walipokuwa wakikaa na kahawa, palikuwa patupu. Waliopita walizungumza kwa sauti ya chini wakitazama nyuma. Mji ule niliuogopa utotoni kwa fahari yake. Siku ile niliuonea huruma.

Nilipiga hodi kwa Nasra. Aliuliza ni nani, nikajibu, akauliza tena. Alipofungua, macho yake yalianza kwenye yunifomu, kisha ndiyo yakaja usoni kwangu.

"Umekuja kikazi?"

"Nimekuja kula. Pweza nnaye mwenyewe."

Akacheka, akanivuta ndani. Chumba kilikuwa kitupu kuliko nilivyokiacha safari iliyopita. Kasha la mama yake halikuwapo. Nilidhani ameliuza, maana kila mtu alikuwa akiuza. Mumewe hakuwapo. Mwanawe Suleiman, anayeanza kusimama, alishika goti langu kama ananijua. Tulikula, tukamsengenya shangazi yake, tukacheka mpaka machozi.

Kisha akaniuliza kama naweza kumchanja mtoto.

"Leo nimepumzika," nikamtania. "Mlete kituoni, upange foleni kama wenzio."

"Mchanje wewe, dada. Leo."

Nikamchanja. Hakulia. Nikamwambia wiki ijayo tutakuwa Chukwani, nitapanda baiskeli nije niutazame mkono. Alisema inshaallah. Mlangoni alinishika mikono yote miwili.

"Nisamehe," alisema. "Kila nililokukosea tangu utoto."

"Nshakusamehe. Nawe nisamehe."

Sikuona ajabu. Shaaban ikimalizika ndivyo tufanyavyo sote, kila mtu anamtaka radhi mwenzake asiingie kwenye saumu na deni la moyo. Asubuhi ile ile Bi Mize alinitaka radhi kwa kunikoromea. Nikaondoka nikipiga kengele.

Wiki ilipotimia nilitoka Chukwani alfajiri. Mlango wa Nasra alifungua mwanamke nisiyemjua, unga mikononi. Nikamwambia nimekuja kuutazama mkono wa mtoto. Alinitazama mavazi, akasema hapa hapana mtoto. Nikachungulia ndani nyuma yake. Nadhani alinihurumia, maana aliniambia kwa kunong'ona kwamba wameondoka usiku, kwa mtumbwi, na kwamba yeye hakunambia kitu.

Niliisukuma baiskeli mpaka Darajani bila kukumbuka kwamba hupandwa.

Siku zile kuondoka bila ruhusa ya serikali kulikuwa kosa la jela. Wengine walioondoka vile walifika bara, na wengine bahari iliwachukua. Wangu sikupata habari. Nimejiuliza miaka yote kwa nini hakunambia. Ziwa tulilonyonya ni moja. Ni mimi aliyeniogopa, au ni zile nguo za serikali? Au alininyamazia ili nikiulizwa niape kweli kwamba sijui? Siku nyengine nnaamini hili la mwisho, nnalala.

Niliifanya kazi ile chini ya mabwana afya kadhaa, mpaka ndui ikamalizika na sindano zile zikawekwa kando. Nikahamishiwa chanjo nyengine, mwisho nikastaafu kwa heshima yangu. Wajukuu zangu hawana kovu la ndui, na hilo ndilo pambo langu. Kila mkono niliouchanja niliurudia, isipokuwa mmoja.

Siku hizi wanakuja wageni kutoka Maskati kutafuta nyumba za wazee wao. Nikipata habari huenda. Huwasalimia wale wa rika la Suleiman, huwauliza mama zao ni nani, na macho yangu yako pale juu ya mkono, yakitafuta kovu la chanjo. Lakini kanzu zao zina mikono mirefu.