Mgonjwa Hatuliwi Njiani

Kabla ya vita, siku za gulio Soni zilikuwa na mchezo wake. Basi la kutoka Mombo lilikuwa linapanda mlima kwa kona, linasimama kila penye mtu na mzigo, na Filipo alikuwa anapanda kwa miguu kwa njia za mkato. Wanaondoka pamoja, yeye na basi. Basi likifika linamkuta amekaa juu ya tenga la mtu, anatafuna peasi. Abiria wanashuka na vumbi lao, yeye anawauliza, "Vipi, mlilala njiani?"

Dereva alikuwa anamwapiza. Lakini siku ambayo Filipo hakutokea, alikuwa anauliza, "Yule mwehu wenu yuko wapi leo?"

Bonde letu liko juu ya Soni, na gari halifiki mpaka leo. Tulikuwa marafiki watatu. Filipo, mtoto wa Walutheri, kwao ni ukingo mmoja na kwetu. Singano, Mwislamu kama mimi, kwao ng'ambo ya bonde, ana mke na binti mdogo, Zaina, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Na mimi, Athumani, niliyeacha shule darasa la pili nikashika jembe, na sijawahi kumwomba mtu chumvi.

Siku moja ya gulio, Filipo ameshalishinda basi lake, tukaitwa kutoka juu. Huku kwetu watu huitana ukingo kwa ukingo. Sauti inavuka bonde upesi kuliko miguu. Bibi mmoja alikuwa amezidiwa, anatakiwa hospitali. Tukapanda, tukamlaza kwenye machela, miti miwili na blanketi, tukashuka naye mbio. Kwetu machela haitembei, inakimbia. Mnabadilishana mabega huku mnakwenda, na ipo sheria moja ambayo hata mlevi anaijua: mgonjwa hatuliwi njiani. Akigusa ardhi kabla ya kufika, mmeshamfanya maiti. Mvua inyeshe, mguu uteguke, wewe piga goti, miti ibaki mabegani.

Bibi yule alifika mzima, na njia nzima alikuwa analalamika kwamba Filipo anamrusharusha. "Wewe mtoto, mimi si peasi."

Tulipotoka hospitali tukakuta watu wameizunguka redio ya hotelini. Majeshi ya nchi jirani yamevuka mpaka, yameingia Kagera. Singano alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mghoshi, miche yangu ya kabichi nani ataihamisha?" Mghoshi ndivyo tunavyoitana wanaume huku.

Wote watatu tulikuwa mgambo. Tukaenda.

Habari za vita vyote wanazo wenye vyeo. Mimi ninazo za kipande changu. Kagera ni nchi nzuri, ina migomba mpaka nikaona wivu, lakini pale tulipowekwa sisi palikuwa tambarare, na mtu wa milimani tambarare inamtia woga. Huku ukipotea unapanda juu, unatazama, unajua uko wapi. Kule unatazama unaona nyasi, na nyasi zinakutazama.

Filipo walimgundua mapema. Simu za upepo zikigoma, kamanda anamtuma yeye, maneno kichwani, kutoka kikosi hiki mpaka kile. Akirudi anajitupa chini karibu yetu. "Huku hakuna raha," anasema. "Hakuna basi."

Asubuhi moja alichelewa. Tukasikia mlio mmoja, mfupi, upande wa migomba.

Lilikuwa bomu la kutegwa. Tulimkuta amekaa, mgongo kwenye mgomba, amelishika goti kwa mikono miwili kama mtu aliyezuia kuku asikimbie. Chini ya goti hapakuwa na cha kutazama. Akaniuliza, "Athumani, kiatu changu kimekwenda wapi?"

Singano alimfunga paja kwa mkanda wake. Tukakata miti miwili, tukafunga turubai. Mimi mbele, Singano nyuma. Tukakimbia kama tunavyokimbia kwetu.

Tulikuwa tumetoka kwenye migomba, tuko mahali peupe, mizinga ilipoanza.

"Laleni chini," kamanda alifoka. "Tupeni hiyo machela, laleni."

Wote walilala.

Sisi tulipiga goti.

Hatukuambiana. Miti ilikuwa mabegani kwangu, nikaisikia imekaa sawa, nikajua na Singano amepiga goti.

"Nitueni," Filipo alisema. "Nitueni, nyie wapumbavu."

"Nyamaza," Singano akamjibu. "Hujafa."

Kombora likaanguka nyuma yetu.

Udongo ulinipiga kisogoni. Masikio yaliziba. Lakini miti ilikuwa haijatikisika, kwa hiyo nilijua wote tuko salama.

Kisha nikageuza shingo.

Singano alikuwa palepale, goti chini, mikono imeikumbatia miti, kichwa kimeegemea mti mmoja kama mtu anayesikiliza. Askari mmoja, mtu wa Singida, alitambaa mpaka kwake akamgusa. Akaniangalia. Akaingiza mabega yake chini ya miti, taratibu, ndipo akamtoa.

Filipo hakugusa ardhi.

Singano tulimzika kulekule. Nilichukua mkanda wake, ule wa kwenye paja, nikaufua, nikaurudisha nyumbani kwake.

Kamanda alinifokea mbele ya watu. Alisema tungelala tungepona wote. Huenda. Nimelima shamba miaka yote hii nikiligeuza neno hilo pamoja na udongo. Aliyelala kushoto kwetu alipona. Aliyelala kulia hakupona. Ninachojua ni kwamba mikono yetu ilikuwa haijafundishwa kumtua mtu.

Filipo alirudi muda mrefu baada yangu, na magongo mawili, mguu umekatiwa juu ya goti. Akajifungia kwa mama yake. Nilikuwa nampelekea maziwa, namtukana, nambembeleza. Hatoki.

"Niambie, namtazamaje mke wa Singano?" aliniuliza. "Mimi niko hapa nakunywa maziwa. Mume wake yuko kule."

"Humtazami. Unapiga hodi."

"Nipige hodi na nini? Na gongo?"

Kila mtu bondeni alijua kwamba Filipo anajiua polepole. Hali chakula, hatoki, nywele zimemfunika. Mama yake alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu Athumani, mlimbeba mbali mkaja kumwacha hapa."

Kulikuwa na ukungu siku chache, halafu asubuhi moja ukainuka. Mama Zaina akatoka, akasimama kwenye kilima chake, ng'ambo, akaita. Sauti yake ilikuja juu ya mashamba yote.

"Filipo weee!"

Majembe yakasimama.

"Filipo! Mume wangu hakukutua! Mbona unajitua mwenyewe?"

Hakusema zaidi. Akarudi ndani kwake. Bonde zima lilikuwa limesikia, na bonde zima likawa linautazama mlango wa mama Filipo.

Alitoka. Jua lilimuumiza macho. Akaniambia, "Usinishike. Ukinishika nakupiga gongo."

Akashuka bondeni, akavuka kijito, akaanza kupanda. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Mimi nyuma yake, mikono mgongoni kama mkaguzi. Kazi ngumu kuliko zote nilizofanya ni ile ya kutomshika.

Zaina alikuwa ameshajua kukimbia. Aliteremka kutoka kwao akamkuta katikati ya mlima, akayatazama magongo, akatazama pale pasipo na mguu. Watoto hawana adabu ya kugeuza macho. Kisha akasema, "Nishike." Akakimbia mbele kidogo, akasimama, akangoja. Filipo akamfuata. Akikaribia, mtoto anacheka, anakimbia tena. Hivyo hivyo akamvuta mpaka mlangoni.

Mama Zaina alikuwa amemwekea kigoda. Alimtazama mara moja tu. "Umechelewa," akasema. "Chakula kimepoa."

Filipo akala. Alilia huku anakula, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Toka siku ile wakawa na mchezo wao, "nishike". Mtoto mbele, mlemavu nyuma, mlimani asubuhi na jioni. Watoto wengine wakaingia. Kwanza walikuja kumcheka, lakini ukimcheka Filipo lazima ukimbie, kwa sababu anakuja na gongo, na ukishakimbia kutoka kijitoni mpaka kileleni umeshakuwa mwanafunzi wake bila kujua. Hakuwa na saa wala filimbi. Aliwafundisha kupumua, kuweka unyayo, na kutoitazama kona iliyobaki.

Basi nalo akalirudia. Kwa magongo, njia zilezile za mkato. Lilikuwa linamshinda kila mara. Dereva mpya, kijana mwenye huruma, akaanza kupunguza mwendo kwenye kona. Filipo alimsubiri stendi ya Soni, akaligonga bodi la basi kwa gongo. "Wewe, mimi ni mgonjwa wako? Kanyaga mafuta." Siku moja basi lilipasuka tairi, yeye akatangulia kufika. Tukampongeza. Alikasirika. Alisema mpaka basi lipone ndipo ushindi utahesabiwa.

Aliyelishinda ni Zaina. Nilikuwepo, nauza karoti. Basi linaingia, msichana yuko juu ya tenga, miguu mitupu imejaa udongo, anawauliza abiria, "Mlilala njiani?" Filipo alifika baadaye, jasho tupu, akaambiwa. Aligeuka upande wa mlima akajifuta jasho.

Zaina alikwenda kukimbia Tanga, halafu Dar es Salaam, halafu nchi za watu ambazo mimi siwezi kutaja majina yake. Akarudi na medali, akafundisha shuleni kwetu, na wanafunzi wake wengine wanakimbia mpaka leo. Wageni wakija kuuliza siri yake, anawaonyesha mlima na anawaonyesha Filipo.

Niliwahi kumuuliza Zaina, tukipalilia, kama anaona malipo ya kumpoteza baba yake yametosha. Alisema, "Baba, zile medali zote ningezitoa kwa asubuhi moja ya baba yangu. Hata akiwa amekasirika." Akaendelea kupalilia. Baba yake hana hata kaburi hapa la kufyekea nyasi. Mtu akikwambia vita vina faida, mwulize alimzika nani huko vitani.

Filipo alikufa msimu uliopita wa mvua, kitandani, mzee. Kutoka kwake mpaka kanisani ni mteremko, na umeshajua gari halifiki. Wakimbiaji wake walibeba jeneza kwa miti miwili, wasichana kwa wavulana, na Zaina mbele kushoto. Mimi nyuma na mkongojo, kofia yangu ya Kiislamu kichwani katikati ya nyimbo za Walutheri. Hawakutembea. Walikwenda mbio ndogo, wanabadilishana mabega bila kusimama. Maiti inaruhusiwa kutuliwa, watu wapumzike. Hilo pia ni sheria yetu. Hawakumtua hata mara moja.

Makaburini mchungaji akasema jeneza lishushwe. Hakuna aliyeshusha. Walisimama nalo, wanahema, mvua inawachuruzika, wanamtazama Zaina, na Zaina ananitazama mimi.

"Baba Athumani," akasema. "Tumtue?"

Niliweka kiganja changu chini ya mti mmoja, upande wa nyuma, mahali pa Singano.

"Amefika," nikasema. "Mtueni taratibu."