Msiba wa Kazembe, Mtu Ambaye Hajawahi Kuzaliwa

Jamani, chekeni kwanza mmalize halafu ndiyo nisimulie, maana najua hapa wako wanaoijua habari hii nusunusu, na kuna mmoja (simtaji, anajijua) ambaye mpaka leo akija dukani kwangu kutoa kopi ananiuliza eti wiki hii anakufa nani. Sawa. Aibu ni yangu na nimeivaa. Mimi Stela, mwenye akili zangu timamu, niliwatoa watu wa Matogoro majumbani mwao na kuni zao na unga wao na vilio vyao, wakaja kumlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Yote yaliletwa na mchezo. Nilipokuwa chuo kule Iringa, bwenini kwetu kulikuwa na dada mmoja aliyetufundisha mchezo usio na ubao wala karata, mnakaa tu mezani uso kwa uso, kila mmoja anajifanya mtu mwingine kabisa, na mmoja wenu anakuwa mwendeshaji, ndiye anayesimulia njia ikoje, mvua inanyeshaje, nani kawatokea mbele, na wengine wanasema wao wanafanya nini, na pakiwa na jambo la kubahatisha mnarusha dadu. Basi, hakuna kingine. Ukiusikia hivyo unaona ni upuuzi wa watoto, lakini ukikaa saa moja unajikuta unaogopa simba ambaye hayupo. Mimi niliupenda kupita kiasi, nikarudi nao hapa Matogoro, Songea, nikijiona nimeleta maarifa makubwa ambayo watu wa huku hawajawahi kuyaona (hapo pazingatieni, kiburi changu ndicho kilichonikaanga), na kila Jumapili baada ya misa na chakula nikawa nauendesha barazani kwangu.

Wachezaji walikuwa watatu. Kolumba wa bodaboda, ambaye mchezoni alikuwa mganga mwenye maringo. Zawadi, mwalimu wa chekechea, mpole kama nini, ambaye mchezoni alikuwa mwizi wa ng'ombe na aliiba vizuri mpaka nikawa namtilia shaka. Na jirani yangu Gaude, fundi cherehani, ambaye ndiye habari yenyewe.

Gaude alikuwa mjane. Mumewe, Yustin, alikwenda machimboni Chunya, shimo likamwangukia, na kwa jinsi hali ilivyokuwa wenzake walimzika hukohuko kabla Gaude hajafika. Alirudi Matogoro na begi la nguo za marehemu, akakaa, akaendelea kushona, na hakulia. Si siku ile, si arobaini. Sasa mnajua kwetu mwanamke asiyemlilia mumewe anasemwaje. Mama mkwe wake, Mama Yustin, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alimwambia mbele ya watu kwamba asiye na chozi ana lake moyoni, na tangu hapo hakumwitikia hata salamu. Gaude alikuwa anapita pale kila asubuhi anatoa shikamoo, haijibiwi, anaendelea na safari. Sisi tulimkaribisha kwenye mchezo ili apate pa kwenda Jumapili, hatukuwa na nia nyingine.

Sasa siku hiyo. Kwenye mchezo watu wangu walikuwa wanasafirisha chumvi kuvuka Ruvuma, wakiongozwa na mzee mmoja niliyemtunga mimi, anaitwa Kazembe, na kwa kuwa Gaude mchezoni alikuwa mwanamke mfanyabiashara, nikamwambia Kazembe ni kaka yake wa tumbo moja. Walipofika katikati ya mto, maji yakajaa. Gaude akarusha dadu kumwokoa, akakosa. Akarusha tena, akakosa. Kazembe akaenda na maji.

Hapo ningesema tu "Kazembe amekufa, tuendelee," tungekunywa togwa yetu na mngekuwa hamna cha kunicheka. Lakini nikajifanya mjuzi. Nikaona mchezo umepoa, nikasema hapana, leo tuomboleze kama watu, kila mmoja aingie hasa kwenye nafasi yake. Nikamgeukia Gaude nikamwambia taratibu, kwa ile sauti yangu ya uendeshaji ambayo naipenda mwenyewe: "Wewe ndiye dada yake. Wamekuja kukuambia kwamba hayupo, na mwili hawakuupata. Unafanyaje?"

Gaude aliweka dadu mezani. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akalia.

Sisemi alitoa machozi, nasema alilia, kile kilio cha msiba kinachoanzia tumboni na kupanda, na mimi (Mungu anisamehe) nikampigia makofi. Nilidhani anaigiza. Kolumba naye akasema huyu leo kaiva. Zawadi, mwizi wa ng'ombe, akaona asiachwe nyuma, akafungua koo akapokea kilio kama inavyopaswa mwanamke akisikia mwenzake analia, na sasa wakawa wawili, barazani, mchana kweupe, mtaa umetulia, watu wamepumzika baada ya kula.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa ukuta mmoja, khanga kiunoni, akiwa ameshaanza kulia toka kwake bila kujua analia nini. Akaniuliza kwa kunong'ona nani. Nami, akili yangu ikiwa bado iko mtoni, nikajibu, "Kaka yake Gaude." Nawaapia sikukusudia. Ni kwamba mwendeshaji ukishaingia humo, kutoka kunachukua muda, kama mtu aliyeamshwa usingizini ghafla. Nilipofungua mdomo nirekebishe, yule mama alikuwa ameshamkumbatia Gaude na wameanguka wote kwenye mkeka, na nyuma yake wanaingia wengine sita.

Na ninyi mnajua kwetu msibani hakuna maswali. Kwanza unalia, unakaa, mengine utayasikia baadaye, anayeulizauliza anaonekana mbaya. Kwa hiyo hakuna mwingine aliyeuliza. Kolumba alikwenda getini kuwazuia watu, akawa anasema "hapana, hapana" huku anatikisa kichwa, wao wakaona kijana kapatwa na uchungu, wakampa pole na kumwekea mkono begani. Vijana wakafika na viti vya plastiki. Kuni zikashushwa. Wanawake wakaingia jikoni kwangu wakatoa sufuria nisizojua hata kama ninazo. Mbele ya macho yangu, kabla hata togwa mezani haijapata joto, nyumba yangu ikawa msiba kamili, kila mtu anajua kazi yake na hakuna aliyetumwa. Nilikuwa nimesimama katikati, na pamoja na hofu yote ile nilikuwa nashangaa, kwamba watu hawa wote wamekuja mbio kwa mtu ambaye hata jina lake hawajalisikia.

Halafu akaingia Mama Yustin. Aliingia, akasimama mlangoni, akamtazama Gaude anavyogaagaa, na uso wake ukakakamaa. Nilielewa anachofikiri. Kaka yake anamlilia hivi, mwanangu hakumtolea hata chozi.

Aliyenimaliza ni mwenyekiti wa mtaa. Ni mtu wa utaratibu yule, alishaagiza turubai kwa simu, na sasa akaona ndugu wapewe taarifa rasmi, akatafuta namba ya ukoo wa Gaude kule Mbinga, akapiga, akaweka sauti kubwa ili wazee wasikie. Ikapokelewa. Akatoa pole ndefu nzuri, akasema sisi hapa tumeshafika kwa dada, sasa tunaomba kujua mipango ya mazishi ya kaka yake. Halafu sauti ikasema, "Mzee, kaka yake ndiye mimi. Nipo shambani napalilia."

Uwanja mzima ukanigeukia mimi. Sijui kwa nini mimi, labda kwa kuwa nyumba ni yangu. Nikapiga magoti. Nikaeleza yote, mto, chumvi, Kazembe, dadu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia jinsi maneno yangu yalivyo ya kijinga, kuna mahali nilijikuta nawaeleza wazee wa mtaa kwamba Zawadi ni mwizi wa ng'ombe lakini si kweli. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikaa chini pole pole. Mama Yustin ndiye aliyesema, na hakupaza sauti: "Sisi tumezika. Ninyi kifo mnakifanya mchezo." Akaanza kuondoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo nadhani katika fedheha yangu nilikuwa sijaliona. Gaude alikuwa hajanyamaza. Kazembe ameshajulikana si mtu, watu wamenyamaza wote, na yeye bado analia.

Aliyeliona ni Mama Mwajuma. Huyu ni Myao wa Nalasi, anauza korosho sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka mlimani, na kwetu sisi Wangoni ni mtani, kwa hiyo alikuwa ameshakuja na vituko vyake, amekalia mlango wa jikoni anawaambia wapishi Wangoni hata kulia hawajui. Aliinuka, akaja akachuchumaa mbele ya Gaude, utani wote umemtoka usoni. Akamuuliza, "Wewe, unamlilia nani?"

Gaude akasema, "Yustin."

Mama Yustin akasimama palepale mlangoni.

Mama Mwajuma hakusema pole. Alinyoosha mkono akamvua Kolumba, aliyekuwa ameshatoka getini, koti lake la bodaboda, akalivaa (halikufunga hata kifungo kimoja), akaweka na kofia ya Kolumba upande, akarudi mpaka getini, akageuka, na wallahi, kama asemavyo mwenyewe, Yustin akaingia nyumbani kwangu. Bega moja juu, kandambili zinaburuta, mikono nyuma, anachungulia kila sufuria anayoipita, anauliza kwa ile sauti ya puani, "Uji umebaki? Hata wa chini?" Watu waliangua kicheko mpaka wakashikana. Ndiye hasa. Hata Mama Yustin nilimwona anajiziba mdomo na khanga, mabega yanamtetemeka, na sijui kilikuwa kicheko au nini. Mama Mwajuma akazunguka uwanja mzima, akawasuta wenzake Yustin wa kahawa, akalalamika Chunya hakuna mboga, na hakurusha dadu wala hakuomba ruhusa. Mimi niliyeleta maarifa kutoka Iringa nilikaa chini kama mwanafunzi. Kumbe miaka yote watani wanafanya hivi misibani, wanamrudisha marehemu atembee mbele ya watu wake kwa mara ya mwisho, na mimi nimekuwa nikiwatazama na kucheka tu, sikujua ninachokitazama.

Halafu akasimama mbele ya Gaude, kicheko kikakatika chenyewe. Akamwambia kwa sauti ileile ya mumewe, "Mke wangu. Mbona hukunililia?"

Mimi ningekuwa mwendeshaji ningeogopa kuuliza. Gaude alimtazama, uso umelowa, na akamjibu, akimjibu Yustin kabisa, si mtu mwingine.

"Walinionyesha tuta la udongo. Sikukuona. Nikasema huyu si wewe, wewe uko njiani unarudi. Nikajua nikilia tu, ndiyo basi, hutarudi."

Mama Yustin alitoka mlangoni. Akapita katikati ya watu, akafika kwenye mkeka, akakaa na miguu yake mibovu ile, akafungua khanga yake ya juu na kumfunika nayo Gaude pamoja na yeye mwenyewe, na humo ndani tukasikia vilio viwili. Mama Mwajuma akavua koti taratibu akamrudishia Kolumba. Mwenyekiti akafuta macho, akasema turubai liko njiani, basi lisirudishwe. Tukakesha, na msiba ukawa wa Yustin.

Usiku uleule Mama Mwajuma alinikuta nje naosha sufuria. Nikamuuliza amejuaje kuuliza lile swali la unamlilia nani, akanishangaa. Akasema, "Si nilikuwa namtazama usoni? Wewe ulikuwa unatazama wapi?" Mimi nilikuwa natazama dadu.

Wiki iliyofuata sikutaka hata kusikia habari ya mchezo. Mtaani nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa, kila kona naitwa Mama Msiba Hewa, na nikaapa, na kiapo bado kipo, kwamba sitamfisha mtu tena katika masimulizi yangu kabla sijajua aliyekaa mbele yangu amebeba nini, na hata hapo nitapita kwanza kwa mwenyekiti. Jumapili ilipofika nilifunga mlango nikajilaza.

Ikabishwa hodi. Nilipofungua alikuwa Mama Yustin, na Gaude nyuma yake. Nikatoa shikamoo nikijua ya leo nimeyataka mwenyewe. Akaitikia marahaba, akapita, akatazama ile meza barazani, akavishika viti kimoja kimoja kama anayechagua.

"Humo kwenye mchezo wenu," akasema, "mtu anaweza kuwa mama wa mtu?"

Nikamwambia anaweza.

Akavuta kiti akakiweka karibu na Gaude, akakaa, akaniambia nianze. Nikaanza kusimulia, nikiwatazama usoni wote wawili.