Mama Ruka na Mtihani wa Simu

Jina lake ni Asnath, ila Misigiri nzima wanamwita Mama Ruka. Ukimwita hivyo usoni, jiandae kukimbia.

Lilianzia zahanati. Mama ana presha, na kuna mradi ulileta vimashine vya kupimia vinavyosomana na simu. Akafungwa mkanda mkononi, akashikishwa simu, kikatokea kitufe: RUKA. Yaani pita, nenda ukurasa wa mbele. Mama wa watu akasimama, akakaza khanga, akaruka. Kikatokea tena. Akaruka tena! Presha ikasoma 190. Gervas, muuguzi, alitoka nje akijifanya kapigiwa simu. Mpaka jioni jina limeshafika Shelui.

Sasa juzi mradi ukarudi kupima nani anaiweza hiyo simu kweli. Ukifikisha alama kumi kati ya kumi na tano, mashine unabaki nayo nyumbani. Usipofikisha, kila Jumatatu unakuja zahanati kupimwa, na kwa Mama Asnath ni saa nzima na nusu kwa mguu, alizeti ikiwa shambani haijapurwa. Usiku wa kuamkia mtihani hakulala vizuri.

Jirani yake Chediel, dereva mstaafu, naye mtu wa presha na wa status kumi kwa siku, alitangulia kuingia, akamaliza kwa dakika tatu tu.

"Mama Ruka, leo usiruke, utatoboa dari la serikali!"

"Chediel, nyoo!"

Akaingia. Msimamizi, binti anaitwa Catherine, akamwamkia shikamoo, akampa simu. Kwenye tarehe ya kuzaliwa mama akajaza ya leo, akawa kazaliwa asubuhi hiyo hiyo. Alama ikaenda. Akapima: 168. Chini yake pameandikwa: *Tulia dakika tano, kisha rudia.*

Mama akailaza simu mapajani. Dakika ya kwanza, ya pili...

"Mama, umekwama? Nikikusaidia unapoteza alama."

"Sijakwama, mwanangu. Imesema nitulie, na wewe unanisemesha."

Dakika tano zilipoisha, mama akarudia: 142.

Catherine akauliza swali la mwisho: "Ikisoma 185, ukirudia bado 185, utafanyaje?"

Chediel alikuwa amejibu, "Naizima, naiwasha."

"Nakuja kwa Gervas hapa," mama akasema. "Simu inaongea tu. Kidonge haina."

Catherine akajumlisha. Kwenye kasi, sifuri. Akajumlisha tena, mama kashika pindo la khanga.

"Kumi, mama."

"Kumi hiyo inatosha?"

"Inatosha. Mashine ni yako."

Chediel? Tisa. Kasi yote ile, tisa! Jumatatu atakuwa foleni, msalimieni.

Haya wana, zamu yenu. Mama, baba au bibi yako akipewa simu ajipime mwenyewe, anapata ngapi kati ya kumi na tano? Na wewe mwenyewe je, mjuaji? Tiririkeni kwenye komenti, na aibu msifiche.