Shuka Jeupe na Kilo za Hewa

Habari hii hamtaiamini, na mjomba wenu ameshazoea. Hata ile ya mbuzi aliyepanda ngazi hadi darini mlicheka mkaondoka. Lakini ya leo ina mizani, ina mashahidi, na mwenyewe yuko hai, anapiga pasi hatua tatu kutoka kwenye karatasi hii, ambayo mjomba wenu anaiandika huku akiisoma kwa sauti, na sikio lake ni kali kuliko pasi.

Mwenyewe ni dobi, dada mkubwa wa mjomba wenu. Mtaani wanamwita Mama Shuka. Nyuma ya nyumba yake kuna kamba sita zilizofungwa kwenye nguzo za zege, na ng'ambo ya barabara kuna kiwanda cha saruji. Kwa miaka ishirini na mbili amefua mashuka ya nyumba ya wageni na ya zahanati, na kwa miaka hiyo bomba la moshi la kiwanda lilimwaga vumbi la kijivu juu ya kazi yake. Asubuhi anasugua, anasuuza, anaanika. Mchana akienda kuanua anakuta shuka limeota ndevu. Likiwahiwa na manyunyu, linakauka gumu, unaweza kulisimamisha ukutani kama mlango. Hapo hakuna chumvi. Kidogo tu.

Watu wa mtaa hawakuupenda moshi ule wala hawakuuchukia. Waliusoma. Ukiwa mzito, tanuri limejaa, waume wako kazini, hakuna neno. Ukiwa mwembamba, wake wanaanza kupunguza unga sufuriani. Shemeji, yaani mume wa Mama Shuka, ni mpakiaji wa mifuko kiwandani hapo. Akitoka mlangoni asubuhi alikuwa analitazama bomba kabla hajamtazama mkewe, kosa ambalo halijasamehewa mpaka leo.

Mama Shuka hakukaa kimya. Kila shuka likichafuka vibaya alilibeba hadi getini na kulitandaza mbele ya mlinzi. Mwishowe ikawa desturi: mtaa ukigombana na kiwanda, hauandiki barua, unapeleka shuka. Na neno la dobi kuhusu doa halikubishiwa na mtu. Akisema chafu, ni chafu. Akisema safi, hata mkwe mkorofi ananyamaza.

Basi asubuhi moja watu waliamka, bomba halina moshi.

Hata uzi! Mbingu imekaa juu ya bomba kama sahani iliyooshwa. Mke wa dereva wa lori alitoka mbio na povu la mswaki mdomoni akipiga kelele, "Kiwanda kimekufa! Tumekwisha!" Shemeji alifika getini na kiatu kimoja. Wengine walishaanza kulia. Mlinzi aliwaacha walie kidogo, maana si kila siku mlinzi anapata hadhira, kisha akasema, "Nyinyi vipi? Tanuri linawaka kuliko jana. Wamefunga chujio la vumbi tu."

Mama Shuka hakumwamini. Alirudi nyumbani, akatoa shuka jeupe kuliko yote, akaliloanisha, akaliacha kambani siku kumi na nne. Kila jioni alilipitishia kidole kilicholowa, kisha akakitazama kidole juani. Hakuna kitu. Siku ya kumi na nne alikaa kitako chini ya kamba zake, miguu imenyooka, kama mtu aliyeambiwa adui yake amehama.

Sasa sikilizeni. Kiwanda kilikuwa kinataka kujenga tanuri la pili, na kilihitaji saini ya wakazi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kukubali mambo, aliitisha mkutano. Hakuuliza wataalamu. Alimgeukia dobi.

"Mama Shuka, sema wewe."

Mama Shuka akalitandaza lile shuka mbele ya watu. "Tazameni. Hewa ni safi. Pale juu hakitoki kitu."

Mikono yote ikapanda. Saini zikapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Kiwanda kilifurahi mno, kikampa kazi ya kufua makoti meupe ya maabara. Alhamisi akayapeleka yamenyooka. Maabara ina meza ndefu, feni mbovu na kioo kama cha televisheni chenye namba zinazopanda na kushuka. Mbele yake amekaa fundi wa vipimo, binti mwenye miwani na adabu zake.

"Na hii ni ya nini, binti yangu?"

"Inapima kinachotoka kwenye bomba, mama."

"Si hakitoki kitu?"

Binti akatabasamu. "Vumbi ndilo halitoki, mama. Hewa ukaa inatoka kama zamani. Tena mwezi huu imezidi, tanuri halipumziki. Hiyo namba ni tani kwa saa."

"Tani za nini?"

"Za hewa."

Mama Shuka akaweka makoti chini. Mtu ambaye maisha yake yote amepokea nguo kwa kuzipima kwenye mizani, leo anaambiwa hewa ina tani. "Hewa ina uzito, binti? Usinitanie, mimi ni mtu mzima."

"Ina uzito, mama. Na nyingi haitoki hata kwenye makaa. Imo ndani ya jiwe lenyewe la chokaa, tukilichoma linaiachia. Chujio haliwezi kuikamata. Kila mfuko mmoja unaopakiwa kule chini, huku juu zimetoka kama kilo thelathini na kitu."

"Zinakwenda wapi?"

"Zinakaa angani miaka mingi. Zinazuia joto lisitoke, kama blanketi."

"Na blanketi hilo analifua nani?"

Binti alivua miwani, akaifuta kwa koti safi, akairudisha. Mama Shuka akaelewa kwamba hakuna anayelifua. Dobi hajawahi kukutana na uchafu ambao hata wenyewe hawajui unaondokaje.

Alitoka nje akalitazama bomba. Mbingu ileile, safi ileile. Alilowesha kidole kwa mate, akakinyoosha juu hewani, akakitazama. Kidole safi. Mlinzi alimwona, akadhani mama wa watu ameingiwa na kitu kichwani.

Nyumbani shemeji alimkuta amekaa mbele ya beseni kavu. Mkewe akamweleza yote. Shemeji akavua kofia, akaikung'uta.

"Haionekani, hainuki, haichafui shuka. Sasa imekukosea nini?"

"Imenifanya mwongo."

"Tanuri la pili ni kazi kwa vijana wa hapa, mke wangu. Watu wamengoja."

"Sijasema wasipate kazi. Nimesema nilisimama mbele ya watu nikawaambia hakitoki kitu."

"Basi nyamaza. Nani atajua?"

"Na kesho wakiniuliza shuka hili lina doa au halina, nitawajibu kwa mdomo upi?"

Shemeji alimwambia kama ni hivyo, Jumamosi asimtegemee kufungua kinywa chake. Akalala amegeukia ukuta.

Jumamosi saa nne asubuhi Mama Shuka aliweka mashuka makavu kwenye mizani yake, moja baada ya jingine, mpaka mshale ukafika kilo thelathini na moja. Akayafunga kifurushi. Ukumbini karatasi ya saini ilikuwa inangoja mezani, kalamu imefunguliwa. Kifurushi kikapitishwa katikati ya watu, na Mama Shuka akakitua juu ya mapaja ya mwenyekiti.

"Pakata, mwenyekiti."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga mluzi. "Mtoto mzuri huyo, mwenyekiti, kafanana na wewe!"

"Unaona uzito?" akauliza Mama Shuka. "Basi huo ndio unaopanda hewani kwa mfuko mmoja wa saruji. Mmoja. Hata baada ya chujio. Nimekiona kipimo kwa macho yangu. Mume wangu, jana ulipakia mifuko mingapi?"

Shemeji aliapa asingesema. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, kama si yake.

"Mia sita," akasema.

Kicheko kilikatika kama kilichofungiwa mlango. Mke wa dereva wa lori alisimama akaenda dirishani kulitazama bomba, akarudi, akaenda tena. "Lakini hakuna kitu," alikuwa anasema. "Mimi sioni kitu jamani!"

"Ulituambia ni safi!" akafoka mmoja wa nyuma.

"Niliwaambia, na nilikosea. Doa hili shuka halilioni."

Saini hazikuwekwa. Mwenyekiti alikunja karatasi, akasema kiwanda kwanza kitundike ile namba getini kila siku, kije kieleze kitafanya nini nayo, ndipo tuzungumze tanuri. Kuna waliotoka wakimtukana Mama Shuka kwamba amewatilia mchanga kitumbua chao. Jumatatu makoti ya maabara hayakuja. Yalikuja mashuka ya zahanati, na getini kukawa na ubao mweusi wenye namba ya chaki, na shemeji siku hizi akitoka asubuhi anausoma kabla hajaingia.

Lakini mjomba wenu hawezi kumwacha mwenyekiti pale kitini bila kumalizia. Alipojaribu kuinuka, kiti kilipasuka chini yake, fundo likafunguka, na mashuka mia tatu yakamfunika hata—

"Mangapi?" Pasi imesimama.

"Mia tatu, dada. Au kama mia mbili na—"

"Yalikuwa arobaini na nane, niliyapima mwenyewe. Na kiti hakikupasuka. Futa."

"Dada, hadithi lazima iwe na—"

"Watu wale walishaniamini mara moja nikiwa nimekosea. Haitatokea tena kwa mkono wako. Futa."

Haya, imefutwa. Mashuka yalikuwa arobaini na nane, kiti kizima kabisa, na mwenyekiti alikipakata kifurushi mpaka mwisho wa mkutano, miguu ikafa ganzi. Kifurushi chenyewe, mjue, alikibeba mjomba wenu, kwa kidole kimoja, tangu nyumbani mpaka uku—

"Toroli," anasema dada.